Kupitisha Bakteria Kwenye Mchanga: Mwongozo wa Maabara, Kuanzia Kuosha Punje Hadi Kufunga Hesabu

Kabla hujagusa mchanga, fungua daftari ukurasa mpya uandike mistari minne: walioingia, waliotoka, waliobaki, waliokufa. Jaribio hili lote ni hesabu ya duka. Jioni unafunga, unahesabu kilichouzwa, kilichobaki kwenye rafu na kilichooza. Jumla isipolingana na mzigo wa asubuhi, huna habari ya faida ya kumpelekea mwenye duka. Wanafunzi wengi niliowasaidia maabara huhesabu waliotoka tu, kisha wanaandika kwamba mchanga umechuja wengine wote. Huenda umechuja. Huenda pia wamekufa njiani, wamenata kwenye mpira wa pampu, au maji yamepita pembeni mwa bomba bila kukutana na mchanga wenyewe.

Jaribio lenyewe ni safu ya mchanga, ambayo maabara nyingi huiita kolamu: bomba lenye mchanga uliojaa maji, bakteria wanaingia upande mmoja, unapima wanavyotoka upande wa pili. Ndiyo njia ya kwanza ya kuuliza ni kwa namna gani vijidudu husafiri na maji yaliyo chini ya ardhi, kwa mfano kutoka shimo la choo hadi kisima cha jirani. Mimi ni fundi sanifu, si mtaalamu wa hesabu za mtiririko, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye kazi za mikono, ambako ndiko majaribio mengi huharibikia.

Kwamba mchanga hukamata vijidudu si jambo jipya. Agosti 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji ule ulikuwa ukichota maji ya mto Elbe na kuyasambaza bila kuyachuja. Altona, mji uliopakana nao, ulichota maji ya mto huohuo upande wa chini, baada ya uchafu wa Hamburg kuingia, lakini uliyapitisha kwanza kwenye vitanda vya mchanga. Altona ikapona kwa kiasi kikubwa, na Robert Koch, daktari Mjerumani aliyechunguza bakteria, akaonyesha kwamba ugonjwa ulifuata mpaka wa mabomba, siyo mpaka wa mitaa. Ila usilichukue tukio hilo ukalibandika kwenye safu yako. Vitanda vile huota juu yake utando hai wa ute na vijidudu, na utando huo hufanya sehemu kubwa ya kazi. Safu ya maabara yenye mchanga safi haina utando, na ndiyo maana tunaitumia: tunataka kuona mchanga peke yake unafanya nini.

Vifaa

Bomba la glasi au akriliki lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 20. Bomba la PVC la fundi bomba ni rahisi kupata, lakini huoni viputo ndani yake, nami silipendi kwa sababu hiyo moja. Kipenyo cha bomba kiwe walau mara 50 ya kipenyo cha punje, la sivyo maji hutelezea ukutani. Kwa punje za nusu milimita, bomba la sentimita 5 ni mara 100, kwa hiyo uko salama.

Kila mwisho wa bomba uwe na wavu wa nailoni au chuma cha pua wenye matundu ya takriban mikromita 100: madogo kuliko punje, makubwa mno kwa bakteria. Niliwahi kuona safu iliyozuia karibu bakteria wote, na mwenye nayo akafurahi sana. Tulipoifungua tukakuta ameweka karatasi ya kuchujia mdomoni. Alikuwa amepima karatasi.

Mengine: pampu ya mpira wa kuzunguka inayoweza kusukuma mililita 2 kwa dakika, kipima upitishaji umeme wa maji, mizani, otoklevu (chungu cha mvuke wa shinikizo cha kuua vijidudu), inkubeta, sentrifuji, spektrofotomita (kipima ukungu wa maji kwa mwanga), pipeti na sahani za petri. Ukikosa pampu, au umeme wa kwenu hauaminiki, tengeneza chupa ya Mariotte: chupa iliyozibwa vizuri, mrija wa hewa unaoshuka ndani ya maji, na tundu la kutokea chini. Msukumo wake unabaki uleule hata maji yakipungua chupani, mradi uso wa maji usishuke chini ya ncha ya mrija wa hewa. Kidhibiti cha dripu ya hospitali ukikiweka kwenye mpira wa kutokea kinakupa kasi unayotaka. Majaribio yangu mawili ya mwanzo yalikufa umeme ulipokatika katikati, na tangu siku hiyo chupa hiyo hukaa juu ya kabati ikisubiri.

Mchanga

Hapa ndipo pa kupoteza muda kwa makusudi.

Mchanga wa mto wanaoletewa wajenzi unafaa. Chekecha ubaki na punje zilizopita chekeche la milimita 0.6 zikakataa kupita la 0.425. Kutoka ndoo nzima unaweza kubaki na kilo mbili tatu, kwa hiyo chekecha siku moja mchanga wa safu zote utakazojaza, uuchanganye, uuhifadhi pamoja. Ukichekecha leo kidogo na mwezi ujao kidogo, utakuwa unalinganisha mchanga na mchanga mwingine.

Osha kwa maji ukikoroga na kumwaga hadi maji yatoke meupe. Vumbi la udongo wa mfinyanzi likibaki, litaziba mianya na kukupa matokeo yasiyoelezeka.

Sasa amua swali lako ni lipi. Ukitaka kujua kanuni, yaani chumvi, kasi au ukubwa wa punje unabadili nini, unahitaji mchanga wa kwatzi uliosafishwa hadi ngozi. Ukitaka kujua mchanga wa mahali fulani unafanya nini, usiuguse kwa tindikali hata kidogo, maana hiyo ngozi ndiyo unayoipima. Rangi ya kahawia au nyekundu kwenye punje ni oksidi ya chuma. Katika maji ya kawaida oksidi hiyo mara nyingi hubeba chaji chanya, na bakteria wana chaji hasi, kwa hiyo hunatana. Kwatzi tupu ina chaji hasi kama bakteria wenyewe, hivyo husukumana. Mchanga mwekundu na mchanga mweupe wa ukubwa uleule unaweza kukupa majibu ya mbali kabisa.

Kwa wanaosafisha: loweka saa 24 kwenye tindikali ya kloridi ya moli 1 kwa lita. Hiyo ni kama mililita 83 za tindikali kali ya asilimia 37, ukiongeza hadi lita moja. Tindikali hutiwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Glavu, miwani, na fanya chini ya kabati la kufyonza moshi. Kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa, tena na tena, hadi maji yanayotoka yawe na pH na upitishaji umeme sawa na ya kuingia. Usiseme "nimesuuza mara tano". Kipimo ndicho kitakachokuambia umemaliza, na mara nyingi ni zaidi ya kumi. Kausha kwenye oveni kwa nyuzijoto 105, kisha uchome kwenye tanuri kwa nyuzijoto 550 saa chache ili mabaki ya majani na uozo yaungue.

Mchanga wa ufukweni ni habari nyingine. Mwanafunzi mmoja aliniletea mchanga mweupe wa bahari, wa kupendeza macho. Tulipoumwagia tindikali ulichemka kama soda iliyotikiswa, na sehemu yake ikayeyuka mbele yetu. Vilikuwa vipande vya matumbawe na makombe, yaani kalisiamu kaboneti. Tone moja la tindikali kwenye kijiko cha mchanga kabla ya kuanza lingetuokolea siku nzima.

Maji ya jaribio

Maji ya bomba yana klorini, nayo itaua bakteria wako kabla hawajafika kwenye mchanga. Tengeneza maji mwenyewe: maji yaliyokenekwa na chumvi ya sodiamu kloridi, milimoli 10 kwa lita, ambayo ni gramu 0.58. Upitishaji wake wa umeme utakuwa karibu mikrosimensi 1,200 kwa sentimita. Rekebisha pH iwe karibu na 7.

Kiasi cha chumvi si jambo dogo. Bakteria na kwatzi husukumana kwa chaji zao, na chumvi hufifisha msukumano huo. Kwa milimoli 1 wengi hupita. Kwa milimoli 10 wananata zaidi. Kwa milimoli 100 wananata zaidi sana. Kalisiamu kidogo tu hufanya kazi ya sodiamu nyingi. Mtu akikutajia asilimia ya bakteria waliozuiwa bila kukutajia chumvi ya maji yake, hajakuambia kitu. Epuka bafa ya fosfeti (mchanganyiko wa kushikilia pH) ndani ya safu ikiwa mchanga una chuma: fosfeti hunata kwenye oksidi, hugeuza chaji yake, na bakteria wanaanza kupita mahali ambapo wangenaswa.

Yachemshe maji yatoe hewa, yafunike, kisha yaache usiku kucha yafikie joto la chumba. Hili la joto watu hulidharau. Maji yaliyotoka kwenye friji yakiingia kwenye safu iliyo katika chumba cha nyuzijoto 30, hewa iliyoyeyuka ndani yake inaachia na kuwa viputo katikati ya mchanga, na kiputo kikishakaa kati ya punje hakitoki.

Kujaza safu

Mchanga ufanyiwe otoklevu kwa nyuzijoto 121 walau dakika 45, kwa sababu joto hupenya mchanga polepole. Bomba la glasi nalo liingie. La akriliki usiliweke, litalegea na kupinda, wala usilifute kwa alkoholi, litapata nyufa nyembamba kama za buibui. Lisafishe kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, suuza kwa thiosalfeti ya sodiamu kuua klorini iliyobaki, kisha kwa maji safi.

Pima mchanga mkavu kwenye beseni na uandike. Simamisha bomba, jaza maji ya jaribio kufikia robo, anza kumwaga mchanga kijiko kwa kijiko. Uso wa maji uwe juu ya mchanga kwa sentimita 2 muda wote, punje zizame ndani ya maji, zisiangukie penye hewa. Kila baada ya sentimita moja au mbili, gonga ubavu wa bomba kwa nyundo ya mpira, kisha kwangua uso wa mchanga kwa waya safi kabla ya kuongeza mwingine. Bila kukwangua utapata matabaka, punje ndogo juu na kubwa chini katika kila kijiko, kama keki. Ukifika juu, funga, pima mchanga uliobaki kwenye beseni. Tofauti ndiyo iliyoingia.

Tuseme zimeingia gramu 640. Kwatzi ina uzito wa gramu 2.65 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo punje zenyewe zinachukua 241.5. Bomba lote lina ujazo wa sentimita 392.7. Zinazobaki, 151, ni nafasi ya maji kati ya punje. Hii tuiite ujazo wa mianya, na uiandike kwa kalamu nene, kwa sababu kuanzia sasa muda wote utahesabiwa kwa huo. Uwiano wa mianya ni 0.385. Ukipata chini ya 0.33 au juu ya 0.45 kwa mchanga wa aina hii, rudia kupima kabla ya kuamini.

Maji yapite kutoka chini kwenda juu, ili hewa iliyosalia isindikizwe itoke. Kwa mililita 2 kwa dakika, ujazo mmoja wa mianya unapita kwa dakika 75 hivi, na maji yanatembea kati ya punje kwa karibu mita 3.8 kwa siku. Hiyo ni mbio kwa maji ya ardhini, ambayo mara nyingi hayafikishi hata mita moja kwa siku. Ukiweza kwenda polepole zaidi, nenda. Unakimbia kwa sababu ya usingizi wako, si kwa sababu ya sayansi, na ukisema hivyo kwenye ripoti hakuna atakayekulaumu.

Acha maji safi ya jaribio yapite angalau mijazo 10. Hiyo ni kama saa 12 na nusu, kwa hiyo anza jioni. Ukipita karibu na safu, ikague kwa tochi: kiputo huonekana kama doa jeupe linalong'aa. Ukikiona, safu hiyo imekufa, jaza upya. Najua inauma.

Chumvi kwanza, bakteria baadaye

Usiku umepita, safu imetulia. Bado usiweke bakteria. Pitisha kwanza maji yenye milimoli 20 za chumvi badala ya 10, upime upitishaji umeme wa yanayotoka kila dakika tano. Chumvi hii hainati kwenye kwatzi wala haifi, hivyo inakuonyesha maji yenyewe yanavyotembea. Toa kipimo cha msingi, gawanya kwa tofauti ya kuingia, upate namba kati ya 0 na 1, uichore dhidi ya mijazo ya mianya.

Grafu nzuri hupanda kama herufi S iliyolala na kufika nusu karibu na ujazo 1. Ikifika nusu kwenye 0.8, maji yanakwepa sehemu ya mchanga. Ikipanda kwa ngazi mbili, kuna njia ya mkato, mara nyingi ukutani. Usisahau kutoa ujazo wa mipira na viunganishi: ukiwa na mililita 6 za mipira, kila kitu kinachelewa dakika 3.

Osha chumvi hiyo hadi upitishaji urudi pale ulipoanzia. Kisha, na hapo tu, uko tayari.

Bakteria

Tumia E. coli K-12. Ukoo huu ulitengwa mwaka 1922, umefugwa maabara vizazi na vizazi, hausababishi ugonjwa kwa mtu mzima mwenye afya, na tabia zake zinajulikana. Usichote maji ya chemba ukayamwaga kwenye safu kwa hoja kwamba ndiyo hali halisi. Utakuwa umeleta maabarani vimelea usivyovijua, na hesabu yako haitafungika kamwe kwa sababu hujui umeingiza nini.

Wapande kwenye mchuzi wa lishe kwa nyuzijoto 37, wakitikiswa, saa 16 hadi 18. Kila jaribio litumie umri uleule, maana ngozi ya bakteria anayekua haraka si ya aliyeshiba na kutulia. Wakusanye kwa sentrifuji, mara 4,000 ya nguvu ya mvutano, dakika 15. Mwaga mchuzi, waoshe kwa maji ya jaribio, rudia mara tatu. Mchuzi ukibaki, unapaka protini juu ya punje na pia unawalisha, na bakteria waliolishwa wanazaana ndani ya safu yako huku wewe ukihesabu.

Wakoroge taratibu wasishikamane. Tazama tone moja kwa hadubini: wawe mmoja mmoja, vijiti vya mikromita moja au mbili. Vikiwa mafungu, mchanga utayanasa kama ungo unavyonasa chenga, na hilo ni jaribio lingine.

Pima kwa spektrofotomita kwenye nanomita 600. Kipimo cha 1.0 ni takriban seli milioni 800 kwa mililita. Zimua mara 80 upate milioni 10. Hiyo ni makadirio ya kuanzia tu. Namba ya kweli ya walioingia itatoka kwenye sahani. Kwenye milioni 10 kifaa hicho kitasoma 0.01, yaani karibu na ukungu wake mwenyewe, hivyo usijaribu kukitumia kupima wanaotoka.

Tenga chupa moja ya mchanganyiko huohuo bila mchanga, iweke kando ya safu. Chukua sampuli mwanzoni, baada ya saa mbili, saa nne na mwisho. Chupa hii ndiyo mstari wa "waliokufa" kwenye daftari. Siku nyingine pia pitisha bakteria kwenye bomba na mipira bila mchanga, uone vifaa pekee vinakula wangapi.

Siku yenyewe

Anza saa mbili asubuhi. Ingiza mijazo miwili, yaani mililita 300, kwa dakika 150. Saa nne na nusu badilisha kwenda maji safi ya jaribio bila kusimamisha mtiririko, na uyapitishe mijazo mitatu zaidi. Utamaliza saa nane na robo mchana ikiwa hakuna kilichoharibika. Chupa ya bakteria iwe inakorogwa polepole muda wote, la sivyo wanazama chini.

Sampuli za mapema chukua moja moja kila dakika 15. Kuanzia dakika ya 45 hadi ya 105 chukua kila dakika 5, kwa kuwa grafu inapanda hapo. Kisha legeza, ukaze tena kuanzia saa tano na nusu, grafu inapokaribia kushuka. Usikate mwisho mapema. Mkia mrefu mwembamba baada ya maji safi kupita ni bakteria wanaobanduka mmoja mmoja, na habari nyingi iko humo. Kila saa weka chupa ya matokeo kwenye mizani: iwe imeongezeka gramu 120. Mpira wa pampu huchoka, na kasi hupungua bila kelele.

Sampuli ziwe kwenye barafu, zipandwe siku hiyohiyo. Kwa milioni 10, zimua mara 10,000, pandikiza mililita 0.1, utapata makoloni kama 100. Hesabu sahani zenye 30 hadi 300 tu. Sampuli 40 kwa sahani nne nne ni sahani 160, na najua bajeti za idara zetu. Njia ya matone inasaidia: tone la mikrolita 20, matone kadhaa ya viwango tofauti kwenye sahani moja, hesabu tone lenye makoloni yasiyozidi 20. Usahihi unapungua kidogo, agari inabaki nyingi.

Bakteria wakitoka mapema kidogo kuliko chumvi ilivyotoka jana, usidhani umekosea. Ni wakubwa mno kuingia kwenye vijinjia vyembamba, kwa hiyo wanabaki barabara kuu ambako maji yanakwenda kasi. Chumvi inazurura kila uchochoro.

Kufunga hesabu

Jioni ileile, au asubuhi yake mapema, fungua bomba, sukuma mchanga utoke, ukate vipande kumi vya sentimita 2. Kila kipande kiingie kwenye chupa yenye maji na Tween 80 kidogo (sabuni laini ya maabara), kitikiswe, kiachwe punje zitue, kisha maji ya juu yapandwe. Kawaida kipande cha kwanza, upande wa kuingilia, kina wengi kuliko vyote, na wanapungua kadiri unavyosonga.

Sasa mistari minne. Kwa mfano: wameingia bilioni 3. Waliotoka, kwa kujumlisha eneo chini ya grafu, bilioni 1.2. Kwenye mchanga bilioni 1.3. Chupa ya kando inaonyesha bilioni 0.1 wamekufa. Jumla 2.6, imepotea 0.4, yaani asilimia 13. Mimi hukubali hadi asilimia 20, kwa kuwa kutikisa mchanga hakubandui wote. Ikipotea nusu, sikubali, hata grafu iwe nzuri kiasi gani.

Kutoka hapo kuna namba moja ya kwenda nayo. Kilele cha grafu ya bakteria (wanaotoka ukigawanya kwa wanaoingia) kikiwa tambarare kwenye 0.40, chukua logi asilia yake, badili alama, gawanya kwa urefu wa mita 0.2: unapata 4.6 kwa mita. Ndicho kiwango cha kunaswa. Nadharia ya kuchuja ambayo Yao, Habibian na O'Melia waliichapisha mwaka 1971 inakugawia namba hiyo sehemu mbili: mara ngapi bakteria anagonga punje, na katika kugonga huko ni mara ngapi ananata. Hiyo ya pili ndiyo ya kulinganisha kati ya mchanga na mchanga, chumvi na chumvi.

Kishawishi kinachofuata ni kuzidisha. Kama sentimita 20 zinapitisha asilimia 40, mita 15 zitapitisha wangapi? Hesabu itakupa namba yenye sifuri 29 baada ya nukta, yaani hakuna hata mmoja kwenye kisima chochote duniani. Usiiandike. Bakteria hawafanani: wenye kunata hunasa mwanzoni, wanaobaki ni wale wasionata, na hao huenda mbali kuliko namba inavyosema. Ardhi nayo ina mashimo ya mizizi na ya mchwa, na matabaka ya changarawe. Kwenye jiwe la matumbawe kama la Zanzibar maji hupita kwenye mifereji ambayo hakuna bomba la maabara linaloiiga. Ndiyo maana viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada ya dharura, vinataka mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji ya ardhini, na tako la shimo liwe walau mita 1.5 juu ya uso wa maji hayo, na Wajerumani hupima ukanda wa kulinda kisima kwa siku 50 za safari ya maji badala ya mita. Kwa kasi ya safu yetu, siku 50 ni mita 190. Kwa kujibu swali la uani, watu wa Shirika la Jiolojia la Marekani walitoka maabarani miaka ya 1980, wakadunga bakteria waliotiwa rangi kwenye mchanga wa Cape Cod wenyewe, wakawasubiri kwenye visima vya sampuli. Safu inakuambia kipi kinabadilika ukigusa chumvi, kasi au punje. Umbali wa choo uulize ardhini.

Mchanga uliotumika, sahani na maji yote yaliyotoka vipitie otoklevu kabla ya kutupwa. Mpira wa pampu utupe, usiuoshe. Kisha jaza safu ya pili na ya tatu kwa mchanga mpya kutoka kopo lilelile ulilochanganya siku ya kwanza, na ukizijaza, mtu mwingine asimame ashike nyundo ya mpira: mkono wa mtu mmoja hugonga kwa namna moja, na utataka kujua kama grafu ni ya mchanga au ya mkono wako.